Tembo Halingoji: Kutoka Chupa za Nairobi hadi Minazi ya Takaungu

Mhariri wa ukurasa huu ni mtu wa mzaha. Siku moja aliniita mezani pake akaniambia nifunge safari hadi Nairobi, niingie katika moja ya vilabu vipya vya divai, kisha niandike habari za mvinyo unaotengenezwa hapa hapa Afrika Mashariki. Nikamkumbusha kwamba mimi ni mtoto wa chuoni, nilihitimu juzuu thelathini kabla sijaota ndevu, na tangu kuzaliwa kwangu ulimi huu haujaonja kileo. Akanijibu, "Kalamu yako nayo haijaonja, na ndiyo niitumayo."

Basi nikaenda, lakini kwa sharti. Tulifunzwa tangu utotoni kwamba si kunywa tu kulikokatazwa, bali hata kuketi kwenye meza ambayo kikombe cha ulevi kinazungushwa. Nikampigia simu mwenye klabu nikamwomba aniruhusu nifike saa nne ya asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa kwa wateja na kabla chupa haijazibuliwa. Bwana yule alikubali, tena kwa uungwana. Nikaketi karibu na mlango, nikaletewa bilauri ya maji.

Mpenzi msomaji, usidhani mahali hapo palifanana na vile vilabu tunavyovijua, vyenye kelele na harufu ya jana. Palikuwa kimya kama maktaba. Kuta zilijaa rafu, na juu ya rafu chupa zimelazwa ubavu, kila moja na kibandiko chake kama kitabu na jalada lake. Aliyekuwa akizipangusa vumbi ni binti wa miaka ishirini na kitu. Aliponiona alinisalimu, "Shikamoo, baba," na kwa lafudhi ile moyo wangu ukafahamu kwamba huyu si mtu wa bara.

"Marahaba, mwanangu. Kwenu ni wapi?"

"Kaloleni."

Mgiriama wa Kaloleni, anayeuza divai Nairobi! Nikajua kwamba safari yangu haitakwenda bure.

Binti yule alikuwa mjuzi wa kazi yake. Alinieleza kwamba chupa hulazwa ili kizibo chake kisikauke, kwani kikikauka husinyaa na hewa hupenya, na hewa ndiyo adui wa divai. Alinieleza kwamba maji ya zabibu, iwe nyeupe au nyeusi, kwa kawaida hayana rangi kubwa. Wekundu wa divai hutoka kwenye maganda, ambayo huachwa yalale pamoja na maji yake wakati wa kuchachuka. Akanionyesha chupa kutoka Naivasha, ambako mizabibu hupandwa juu ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, kwa sababu baridi ya usiku hulisaidia zabi lisiive kwa pupa. Moja imepewa jina la leleshwa, kile kichaka cha majani ya kijivu kinachoota kwa wingi katika Bonde la Ufa. Akanionyesha na chupa za Dodoma, nchi kavu iliyo katikati ya Tanzania, ambako mizabibu ililetwa na wamisionari. Huko mkulima huvuna mara mbili kwa mwaka. Ulaya mzabibu hulala usingizi wakati wa theluji. Huku kwetu haujui kulala, mpaka mkulima aukate matawi ndipo uanze upya.

Nilikuwa nikiandika, na huku nafsi yangu ya ushairi ikicheza na maneno. Mvinyo tuliupata kwa Wareno, pamoja na meza na leso. Divai ilikuja baadaye kutoka kwa Wafaransa. Lakini sisi tuliosoma chuoni tunalo neno la tatu, nalo ni hamri, na hilo limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kufunika. Ulevi umeitwa hivyo kwa sababu hufunika akili. Shela la mwanamke likaitwa himari kwa kuwa hufunika kichwa. Na chachu inayofunikwa pamoja na unga mpaka uumuke ikaitwa hamira. Basi kila asubuhi, tunapokaa barazani na mahamri na mbaazi zetu, tunakula kitu ambacho jina lake ni ndugu wa kitu tusichokigusa. Tofauti iko wapi? Ni katika kile kilichofunikwa: unga au akili.

Na tusijifanye kwamba habari za mvinyo ni ngeni katika adabu yetu. Kila mtoto wa pwani amelazwa kwa hadithi za Abunuwasi, yule mjanja aliyewachezea wafalme na matajiri. Wachache wanaojua kwamba alikuwa mtu wa kweli, mshairi wa Baghdad aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9 miladia, na kwamba Waarabu humkumbuka zaidi kwa mashairi yake ya kusifu mvinyo. Alipovuka bahari kuja kwetu, bibi zetu walimnyang'anya kikombe wakamwachia werevu.

Nilipoona rafu zimekwisha, nikamwuliza binti: "Mwanangu, hapa pana Naivasha, pana Dodoma, pana hata Afrika Kusini. Mbona sioni kitu cha kwetu? Miaka na mikaka watu wa pwani wanagema. Tembo liko wapi?"

Akacheka, akaweka kitambaa chini. "Baba, mimi mzee wangu ni mgema. Ada yangu ya shule ilitoka juu ya mnazi. Lakini tembo haliwezi kukaa hapa. Divai ni kitu cha kungojwa. Tembo halingoji."

Maneno hayo yalinichoma, na sababu yake nitakueleza.

Marehemu baba yangu aliniachia minazi kumi na mmoja upande wa Takaungu. Si shamba la kujivunia, lakini ndiyo urithi. Miezi miwili kabla ya safari hiyo, jirani mmoja, mgema hodari, alinijia akaniomba nimkodishe minazi hiyo agemee tembo. Alitaja kodi ambayo, kusema kweli, ingelipa karo ya mjukuu wangu. Sikumjibu. Nilisema nitafikiri, kisha nikaogopa kufikiri. Na si mimi peke yangu. Katika mwambao huu, tangu zamani, Waislamu wengi wenye minazi wamewakodisha jirani zao Wamijikenda, wakapokea fedha kwa mkono wa kulia na kugeuza uso upande wa kushoto, kana kwamba hawajui kibuyu kilichoko kileleni kinangoja nini.

Niliporudi kutoka Nairobi, nilikwenda Takaungu alfajiri nikamkuta yule jirani yuko kazini. Nikamwomba anionyeshe kazi yake tangu mwanzo, jambo ambalo, nakiri kwa aibu, sikuwahi kulifanya katika umri wangu wote, ingawa nimetunga mashairi yasiyo na idadi yenye neno "mnazi" ndani yake.

Mgema hupanda kwa vidato vilivyochongwa shinani. Kiunoni ana kotama, kisu chenye ubapa uliopinda, kikali kuliko wembe wa kinyozi. Hachagui dafu wala nazi. Huchagua karara ambalo bado halijafunguka, ambalo ndani yake maua yamelala. Hulifunga kwa kamba lisipasuke, hulipinda taratibu kwa siku kadhaa mpaka lielekee chini, kisha hukata ncha. Maji huanza kudondoka ndani ya kibuyu. Mara mbili au tatu kila siku hupanda tena, akakata ubale mwembamba kama karatasi, ili jeraha lisizibe. Mnazi mzuri hutoa lita moja au mbili kwa siku. Lakini karara lililogemwa halizai. Mwenye mnazi hana budi kuchagua: ama maji haya leo, ama kidaka, kitale, dafu, koroma, na hatimaye nazi, baada ya karibu mwaka mzima.

"Ndiyo maana sisi twagema, Maalim," aliniambia akiwa juu, mimi nikiwa chini nimeinua shingo. "Nazi hulipa mwakani. Tembo hulipa jioni. Na watoto hula leo."

Kisha akashuka na kibuyu, akanitilia maji yale katika kata. "Hili limedondoka sasa hivi, baada ya kukata. Halijapanda. Onja."

Nikasita. Akaelewa, akacheka. "Hili hata mtoto mchanga hunywa."

Nikasema bismillahi nikanywa. Ewe msomaji, ni maji matamu yenye harufu ya ua, meupe kidogo kama maji ya kuoshea mchele. Hayana ukali wowote. Na papo hapo nikamkumbuka bibi yangu mzaa baba, ambaye siku za Ramadhani alikuwa akituma mtoto alfajiri akalete "tembo tamu", akaumulia unga wa vitumbua. Miaka hamsini nilikuwa nimeusahau utamu ule.

Lakini maji yale yana haraka. Hewa ya pwani na kibuyu chenyewe vimejaa hamira ya asili, vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo huanza kula sukari mara tu tone la kwanza linapoanguka. Kwa saa chache povu hupanda. Kabla ya siku kwisha tembo limekuwa kali, kwa kadiri ya sehemu nne au tano za kileo katika mia, sawasawa na bia. Likikaa siku kadhaa zaidi, vijidudu vingine hushika zamu, vikakigeuza kileo kuwa siki. Ndiyo maana ya maneno ya yule binti. Ulevi wa zabibu ukifungwa vizuri huishi miaka. Wa mnazi una maisha ya siku moja: asubuhi mtoto, adhuhuri kijana, jioni mlevi, na baada ya hapo mzee mchungu.

Kwa sababu ya haraka hiyo, tembo hukimbizwa mjini likiwa bado changa. Zamani lilibebwa katika vibuyu. Sasa ni mitungi ya plastiki nyuma ya pikipiki. Huishia kwenye mangwe, ambako watu huketi juu ya mabenchi, kila mtu na mboko wake na mrija wenye kichujio nchani. Sitayapamba mambo. Nimewaona wanaume walioacha mshahara wao huko, na nimewasikia wake zao. Lakini pia haifai kumtukana jirani. Kwa Mmijikenda tembo si ulevi peke yake. Ni posa, ni matanga, ni faini ya wazee, ni tambiko. Katika kuuziana minazi huko Giriamani, wazee walioshuhudia mapatano walinyweshwa tembo, na ushahidi wao ndio uliokuwa hati. Sisi tunalo katazo letu. Wao wana desturi yao. Tumeishi pamoja karne nyingi.

Lililobaki lilikuwa langu mimi na Mola wangu. Nikaenda kwa shekhe wangu, mzee ambaye bado hunisahihisha makhraji nikisoma, nikamweleza yote bila kuficha kodi niliyoahidiwa.

Akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Maji ya mnazi ni halali maadamu hayalevyi. Yakilevya, kidogo chake na kingi chake ni haramu. Yakigeuka siki yenyewe, bila ya kutiwa kitu, yamekuwa safi. Hivyo ndivyo yasemavyo madhehebu yetu ya Imamu Shafii. Ama kumkodisha mtu mti naye amekwisha kukwambia atafanya ulevi, wataka mimi nikupe ruhusa ambayo moyo wako umeshaikataa miezi miwili?"

Sikuwa na jibu. Nikamwuliza: "Na yule jirani yangu, shekhe? Nikimnyima, nimemfunga mdomo."

"Hapo sasa," alisema, "ndipo elimu yako ya kusoma vitabu itufae. Wazee walifanya nini na maji haya kabla hayajaoza?"

Nikarudi nyumbani nikafungua vitabu. Nikamkuta Ibn Battuta, msafiri wa Tanja, aliyepita Mombasa mwaka 1331 akatusifu kwa dini yetu, kisha akashuka hadi Kilwa. Kutoka Kilwa alivuka bahari mpaka Dhofari, huko Omani ya leo, na huko akaeleza jambo ambalo lilinifanya nisimame kitini. Watu wa Dhofari, asema, walipanda minazi asubuhi na jioni, wakakata karara, wakatundika chombo, wakakusanya maji yale na kuyapika mpaka yakawa mazito, yakawa asali. Wafanyabiashara wa Bara Hindi, Yemeni na Uchina waliinunua na kuifanyia halua. Asali ya mnazi! Hata Kiswahili chetu kina jina lake, asali ya tembo, nalo limo katika kamusi za zamani. Jina tumelihifadhi, sufuria tumeitupa.

Nikauliza na marafiki wenye asili ya Bara Hindi. Wakaniambia kwamba kwao maji hayo matamu huitwa neera, huuzwa yakiwa baridi, na siri yake ni moja: ndani ya chombo hupakwa chokaa, na chokaa huzuia maji yasichachuke upesi. Chokaa ile ile ambayo mama zetu hupaka kwenye jani la tambuu! Bahari ya Hindi nzima ina elimu hii. Wagoa wana siki yao ya mnazi, nayo ndiyo roho ya mapishi yao. Wafilipino hawapiki bila yao. Sri Lanka huchemsha asali. Ni sisi tu tulioacha mti wenye milango mitatu ukabaki na mmoja, kisha tukaulaumu mti.

Wiki iliyofuata nikampelekea jirani yangu kopo la chokaa. Akaniangalia kama aliyeona jini. Lakini ni muungwana. Alipaka vibuyu vyake vitatu, akapanda, na asubuhi tulikuwa na chupa kumi za maji yaliyokuwa bado matamu. Tukayaacha chokaa ikatuama chini, tukayachuja, tukayaweka motoni. Mkewe alikoroga, mimi nikachochea kuni, moshi ukanitoa machozi. Saa nne baadaye tulikuwa na chupa moja na nusu ya asali nyeusi, yenye harufu ya sukari guru na moshi kidogo. Kibuyu cha nne, kisichopakwa kitu, tulikifunika kwa kitambaa tukakiacha kijigeuze. Baada ya wiki kadhaa kilitoa siki kali na safi, ambayo mke wangu ameitia katika achari ya maembe na sasa hataki siki ya dukani.

Nisikudanganye, msomaji. Hesabu haijakaa sawa. Chupa kumi za tembo jirani yangu angeziuza siku ile ile bila kuni wala machozi. Asali inataka moto, inataka mkono wa kukoroga, na zaidi ya yote inataka mnunuzi. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini asiyesifiwa wala kununuliwa, yeye atalitia nini? Tumekubaliana hivi: minazi mitatu kati ya kumi na mmoja anagema kwa chokaa, na tunagawana nusu kwa nusu, minane tunaiacha izae nazi. Kodi ile ya kwanza sikuipokea. Karo ya mjukuu nimeitafuta kwingine, na si jambo jepesi. Naye jirani bado anagema tembo kali kwenye minazi ya watu wengine, na sina haki ya kumuuliza kwa nini mpaka nitakapompa njia bora.

Usiku ule tulipopika asali nilitunga ubeti huu, nikauandika nyuma ya daftari la safari ya Nairobi:

Mti mmoja mwambao, matatu hututolea,
Tamu ni ya wafungao, magharibi wangojea,
Kali hushika wanywao, akili ikapotea,
Siki ni ya wangojao, subira wakiilea.

Chupa moja ndogo ya asali nimempelekea yule binti wa Kaloleni kwa basi, ili siku akija mgeni wa namna yangu, akaketi karibu na mlango na bilauri ya maji, naye awe na kitu cha kwao cha kumwonjesha. Alinipigia simu akasema ameiweka kwenye rafu kati ya Naivasha na Dodoma, imesimama wima, kwa sababu yenyewe haihitaji kulala.

Nilipomsimulia jirani yangu, alifurahi, kisha akatazama juu ya mnazi, akatazama kopo langu. "Maalim," akasema, "chokaa ni rahisi. Niletee wanunuzi." Ramadhani inakuja. Nimekwisha kumwahidi kwamba nitaanza na watu wa msikitini kwangu.